"Dakika tano kutoka steshini": yaliyonikuta Shinjuku

Jina la nyumba ya wageni niliyofikia siliandiki, sitaki kesi. Ilikuwa Tokyo, mtaa wa Shinjuku, mwaka juzi kama sikosei, kipindi chao cha mvua. Tangazo lilisema nyumba iko dakika tano kutoka steshini. Nikaona hapo ndipo penyewe, nikalipia siku tatu papo hapo.

Sasa naomba niulize: dakika tano kutoka mlango upi? Steshini ya Shinjuku ina milango ya kutokea zaidi ya 200. Mia mbili! Imeingia kwenye rekodi za Guinness kwa wingi wa abiria kuliko steshini zote duniani. Mimi nimekulia Kariakoo, kupigwa vikumbo si habari kwangu, na kwenye ndege nilikuwa najisifia kabisa. Lakini Kariakoo hata upotee vipi, ukiinua kichwa unaona mbingu. Pale uko chini ya ardhi, wenye reli ni watano, kila mmoja na mageti yake na rangi zake, na kile kidoti cha bluu kwenye simu kinayumba kama kimetoka kilabuni.

Na watu hawaishi. Wanamiminika, tena kimya! Hakuna anayekugonga, hakuna anayefoka, unasikia viatu tu. Kwetu ukisimama umeduwaa na begi, atatokea kaka akuulize unakwenda wapi, wawili wengine wataanza kumbishia, mwisho wa siku utafika. Pale nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi.

Nikatokea mashariki. Nyumba ilikuwa magharibi. Kesho yake ndipo nikagundua kwamba tangu 2020 kuna ujia unaokatiza katikati ya steshini, mashariki hadi magharibi, unapita bila hata tiketi. Mimi nilizunguka kwa nje, mvua inaninyeshea, na begi langu tairi moja lilikuwa limeshang'oka tangu uwanja wa Narita, kwa hiyo nalikokota kama mbuzi aliyegoma. Saa nzima na ushee.

Aliyeniokoa ni askari. Wana vibanda vidogo vya polisi mitaani, wanaviita koban, na kuelekeza waliopotea ni sehemu ya kazi yao. Nilisitasita kuingia, si mnajua sisi na vituo vya polisi. Baba wa makamo, Kiingereza chake na changu havikukutana hata neno moja, lakini alikunjua ramani ya karatasi iliyojaa meza nzima, akanichorea njia kwa kalamu hadi mlangoni, halafu akachukua mwavuli akanisindikiza mpaka kona. Huyo angekuwa na ukurasa wake ningempa nyota zote.

Nikafika saa nne na dakika kumi na mbili usiku. Mapokezi hufungwa saa nne kamili. Kijana yumo ndani, taa inawaka, ananiona kupitia kioo, maji yananichuruzika. Akaonyesha saa ukutani. Nikaonyesha begi. Akaonyesha saa tena.

Alipofungua, akainama vizuri kabisa, akaandika kitu kwenye simu yake, simu ikasema kwa sauti ya kike: "Faini ya kuchelewa ni yeni 2,000." Nikamwambia tangazo lenu ndilo lililonichelewesha. Akasikiliza hadi mwisho, akainama, simu ikarudia yale yale. Nimewahi kutukanwa na makonda wa daladala tangu niko shule ya msingi, na sijawahi kuumia vile. Konda ukimjibu anakujibu, mnamalizana. Huyu alinisogezea kile kisahani chao cha kuwekea pesa, mikono yote miwili, kama ananikaribisha chai.

Siku mbili zilizofuata zilipita nimenuna. Mtaa wa Asakusa wenye hekalu kongwe nilikwenda, kule Shibuya nilivuka ile njia panda yao maarufu ya waenda kwa miguu, sikumbuki vizuri. Treni zao ni safi na zinafika kwa wakati, hilo siwezi kuwanyima, ingawa hata hilo lilinikera, maana ndiyo sababu dakika kumi na mbili zangu zilionekana dhambi.

Asubuhi ya kuondoka nimeshafika nusu ya mtaa, nikasikia mtu anakimbia nyuma yangu. Yule kijana, na ndala za ndani. Nikajua kaja kuomba radhi, pengine karudisha pesa. Nikatabasamu kabisa. Mkononi ana chupa yangu tupu ya maji niliyoitupa kwenye ndoo chumbani. Akavua kifuniko, akabandua ile karatasi ya jina, akanionyesha: chupa huku, hivi kule. Akainama. Halafu, bila kuniuliza, akalinyanyua begi langu bovu akalipeleka hadi steshini, akaniacha mbele ya geti lenyewe.

Niliangalia saa tulipofika. Dakika sita.

Nilikuja hapa kuweka nyota moja. Naweka mbili. Sijui, labda tatu, ila yeni 2,000 zangu bado nazidai, na mkienda hapo waulizeni mlango upi kabla hamjalipa.