Mahara kwa mwanachuo aliye kwenye mazoezi ya kufundisha

Mahara ni programu huria ya kutunzia potifolio za kielektroniki, yaani mikusanyo ya kazi na tafakuri za mtu, iliyoanza kutengenezwa New Zealand mwaka 2006, na vyuo vingi huiunganisha na Moodle, mfumo wa kujifunzia mtandaoni. Ninaitathmini hapa kwa kazi moja tu, yaani kumsaidia mwanachuo wa ualimu kutafakari ufundishaji wake akiwa kwenye mazoezi, kwa sababu hapo ndipo karatasi zetu zimeshindwa. Andalio la somo lina nafasi ya tathmini na maoni, lakini kila aliyewahi kukagua maandalio anajua kinachoandikwa humo: "Somo limeeleweka vizuri," kipindi baada ya kipindi, maana mwandishi anajua kwamba msomaji wake ni mkaguzi na kwamba kukiri ugumu kunaweza kumpunguzia alama.

Ubora mkubwa wa Mahara ni kwamba inauondoa woga huo. Kila anachokiweka mwanachuo, iwe shajara, picha ya ubao au sauti aliyojirekodi akifundisha, huanza kikiwa siri yake, na ni yeye anayeamua nani aone kipi na hadi lini. Anaweza kuandika jioni kwamba somo la sehemu katika hisabati lilimshinda kwa kuwa alikimbilia kanuni kabla ya kutumia vitu halisi, akarudi baada ya wiki mbili kuongeza alichojaribu, kisha akachagua maandishi machache na kuyapanga kwenye ukurasa mmoja wa kumwonyesha mkufunzi. Kule kuchagua, kwa maoni yangu, ndiko kujifunza kwenyewe, kwani hapo analazimika kujiuliza ni kipi hasa kinachothibitisha kwamba amebadilika. Mkufunzi naye hutoa maoni mafunzo yakiwa bado yanaendelea, bila kungoja siku ya ukaguzi, na hilo ni jambo kubwa kwa mwanachuo aliyepangiwa shule ya mbali. Ukurasa ukiwasilishwa kwa tathmini hufungwa, usibadilishwe tena mpaka urejeshwe.

Chuo kinahitaji seva na mtaalamu wa kuitunza programu. Penye mtandao hafifu, mtu anaweza kuandika kwanza kwenye simu bila intaneti na kupakia baadaye.

Kitu ambacho Mahara haikifanyi ni kuuliza swali. Ukurasa mtupu huzaa masimulizi ya siku nzima, tangu kengele ya asubuhi hadi kutawanyika, bila tafakuri hata kidogo. Maswali lazima yatoke kwa mkufunzi. Mzunguko wa tafakuri wa Graham Gibbs wa mwaka 1988, wenye hatua sita kuanzia kueleza tukio hadi kupanga la kufanya baadaye, unafaa sana kwa tukio moja zito la wiki. Ukilazimishwa kila siku, wanachuo wataujaza kama wanavyojaza andalio.

Nasisitiza pia faragha ya watoto. Kiungo cha siri cha Mahara hufunguliwa na yeyote aliyekipata, hata asiye na akaunti, kwa hiyo sura za wanafunzi zisiwekwe bila idhini ya shule na wazazi.

Mwanachuo anayekaribia kuhitimu aulize mapema akaunti yake itafungwa lini, kisha apakue potifolio yote: kwa muundo wa HTML ataifungua kwenye kompyuta yoyote, na kwa Leap2A ataweza kuihamishia kwenye Mahara ya taasisi nyingine.