Gereji ya giaboksi iliyo njia ya Mikindani, Mtwara: tathmini ya mteja

Gari la gia za mkono likianza kutoa mlio usioeleweka hapa Mtwara, mwenye gari kwa kawaida hulipeleka kwa fundi aliye karibu, ambaye hushusha giaboksi kabla hata hajauliza maswali, au hulipeleka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 550, huku akiomba lisikwame Somanga njiani. Gereji ninayoitathmini, iliyo kando ya barabara itokayo mjini kwenda Mikindani, haina bango, na madereva wa Hiace za Masasi na Newala huielekeza kwa mkorosho mkubwa ulio mbele yake. Naipa nyota nne kati ya tano, na sehemu kubwa ya nyota hizo ni kwa ajili ya kazi wanayoifanya kabla ya kufungua chochote.

Gari langu ni Toyota Hilux ya dizeli yenye gia tano, ambalo msimu wa korosho hubeba magunia kutoka vijijini hadi ghalani. Lilikuwa likivuma, na gereji nyingine ilikwisha kuniandikia orodha ya spea ndefu kupita kiasi: klachi kamili, beringi zote na seti ya sinkronaiza, vifaa vinavyolinganisha kasi ili gia ziingie bila kusaga. Huku njia ya Mikindani, fundi mkuu aliiweka orodha hiyo kando na kutaka kujua mlio unasikika wakati gani hasa.

Aliliwasha gari likiwa limesimama, gia ikiwa frii na mguu ukiwa nje ya pedali ya klachi, na mvumo ukasikika. Alipokanyaga pedali hadi mwisho, ukakoma. Alimweleza mwanafunzi wake, nami nikasikia, kwamba mguu ukiwa nje ya klachi, shafti ya kuingilia, inayopokea mzunguko wa injini, na shafti ya chini, inayoupeleka kwenye gia, huzunguka hata kama gari halitembei, na pedali ikikanyagwa zote mbili husimama, kwa hiyo mlio unaokoma namna hiyo unatoka ndani ya giaboksi. Ungeanza pale pedali inapoguswa, wa kushukiwa angekuwa rilizi beringi, ile inayosukuma klachi pedali ikikanyagwa, ambayo iko nje ya giaboksi na gharama yake ni nyingine kabisa. Ungetokea pedali ikiwa imekanyagwa yote, angeitazama pia ile beringi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya kuingilia kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Orodha niliyokuja nayo haikuwa imetenganisha hata kimoja kati ya hivi.

Kisha tukaingia barabarani, na hapa ndipo ustadi wao ulipoonekana. Mvumo ulikuwa mkali katika gia ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano, lakini ya nne ilipoingia ulipungua sana. “Umesikia hapo, mzee wangu?” aliniuliza, kisha akairudia ili niridhike. Katika giaboksi za aina hii gia ya nne ni ya moja kwa moja: shafti ya kuingilia na ya kutokea huungana na kuzunguka pamoja, na shafti ya chini huzunguka bila kubeba mzigo. Mlio unaotulia katika gia ya nne unaelekeza kwenye beringi za shafti ya chini. Kama ungekuwa katika gia moja tu, meno ya gia hiyo au beringi yake ndiyo yangekaguliwa. Aliliachia pia gari litiririke likiwa frii, akaliyumbisha kidogo kushoto na kulia ili kuondoa shaka juu ya difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, na beringi za magurudumu.

Tuliporudi walimwaga oili. Ilikuwa imepungua kwa sababu sili ya nyuma ilivuja, na hicho ndicho chanzo cha yote, maana kiwango sahihi, gari likiwa mahali tambarare, ni oili kufika ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Kwenye sumaku ya nati ya kumwagia kulikuwa na vipande vya chuma, si ule uji laini wa kijivu ambao ni wa kawaida, lakini oilini hamkuwa na chembe za rangi ya shaba zinazotoka kwenye pete za sinkronaiza. Kwa kuwa gia nazo zilikuwa zikiingia bila kusaga, sinkronaiza hazikuguswa. Nilibadilishiwa beringi na sili, nikakabidhiwa zile za zamani ili nilinganishe namba zilizopigwa pembeni mwake na za mpya. Utaratibu huo ungepaswa kuwa wa kila gereji, kwa jinsi spea bandia zilivyozagaa.

Oili waliyojaza ni ya GL-4, moja ya madaraja ya oili za gia. Maduka mengi hukupa GL-5 bila kuuliza, na baadhi ya oili hizo, zilizokusudiwa zaidi difu, zina viambato vya salfa vinavyoweza kula shaba ya sinkronaiza.

Nyota moja niliyoizuia ina sababu. Beringi ziliagizwa Dar es Salaam na kuja kwa basi, na muda wote huo hakuna aliyenipigia simu. Kila taarifa niliifuata mwenyewe. Hawaandiki matokeo ya uchunguzi, hivyo maelezo mazuri niliyoyataja hubaki mdomoni, na mteja akienda kwingine hana cha kuonyesha. Giaboksi hufunguliwa ndani ya chumba, jambo jema, lakini chumba hicho hakina mlango, na upepo wa kusi ukivuma mchanga wa uwanjani huingia hadi mezani. Kwa kazi ya beringi, hilo halivumiliki.

Ada ya uchunguzi hulipwa kwanza, na hukatwa katika bei ya matengenezo endapo utaamua kutengenezea hapo. Magari ya gia za otomatiki hawapokei. Ni vizuri kulifikisha gari asubuhi injini ikiwa bado ya baridi, kwa sababu fundi hupenda kusikiliza mlio kabla na baada ya oili kupata moto. Ijumaa kazi husimama saa sita mchana hadi watu watoke msikitini.