Tuisheni ya hesabu Nakuru: wiki nne zimeenda wapi?

Kituo sikitaji. Kiko upande wa Kaptembwo, orofa ya kwanza, na kijana wangu amesoma hapo karibu mwaka sasa, kila Jumamosi. Mpaka majuzi nilikuwa nikiwasifia kwa majirani utadhani nimelipwa.

Majuzi akarudi na daftari limejaa kalamu nyekundu. Swali, nikilifasiri, lilikuwa hivi: kibarua analipwa shilingi 120 kwa saa, anafanya kazi saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa mwaka atapata ngapi? Mtoto alipiga 120 mara 8, akapata 960. Mara 6, 5,760. Mara wiki 52, akamalizia na 299,520. Mwandiko wenyewe safi, sijui aliutoa wapi siku hiyo. Kosa! Pembeni mwalimu kaandika lake: 5,760 mara 4, mara 12, 276,480.

Nne mara kumi na mbili ni arobaini na nane. Hizo wiki nyingine nne zimeenda wapi? Mwezi wenye wiki nne kamili ni Februari peke yake, nayo si kila mwaka. Tofauti ya majibu hayo mawili ni shilingi 23,040, yaani kile kile anachokiita yeye mshahara wa mwezi. Kibarua wa watu kafanya kazi mwezi mzima bure, halafu aliyekosea ni mwanangu.

Nikapanda ngazi. Nilimsalimia vizuri, nikamwita mwalimu, ingawa ni rika la mdogo wangu wa mwisho. Daftari hata hakulitazama. "Mzazi," akasema huku akiendelea kufuta ubao, "hesabu za shule si za sokoni. Tuachie sisi." Watoto wakacheka. Wangu alikuwa akitazama viatu vyake.

Za sokoni! Miaka kadhaa nyuma niliajiriwa kwenye duka moja la jumla hapa mjini. Tulipatana shilingi mia kwa saa, saa 52 kwa wiki. Tajiri akabonyeza kikokotoo mbele yangu: 5,200, mara nne, 20,800 kwa mwezi, weka sahihi hapa. Nikaweka. Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa chama cha wafanyakazi. Kanuni za jumla za mishahara hapa Kenya zinahesabu wiki ya kazi kuwa saa 52, na ukitaka kujua saa yako moja ni pesa ngapi, unagawanya mshahara wa mwezi kwa 225. Si kwa 208. Piga 52 mara 52, gawanya kwa 12, utaona hiyo 225 ilikotoka. Kwa mia kwa saa nilistahili 22,500. Shilingi 1,700 zilikuwa zikinipita kila mwezi, karibu miaka miwili, na kila mwisho wa mwezi nilikuwa nikimwambia tajiri asante. Ndiyo maana hesabu hii siwezi kuichekea, na sitaki mwanangu afundishwe kuikosea kisha apewe tiki.

Lakini msikimbilie kuwatoa watoto wenu. Mwalimu huyo huyo ndiye aliyemwelewesha wangu ovataimu: mara moja na nusu siku ya kazi, mara mbili siku ya mapumziko, kitu ambacho shuleni kilimtoa jasho muhula mzima. Alama zimepanda, siwezi kukataa. Pengine siku ile alikuwa amechoka. Pengine na mimi ningengoja watoto watoke kwanza. Mtu hapendi kusahihishwa mbele ya darasa lake. Nilipoanza kuandika haya nilikuwa tayari kuwapa nyota nne.

Halafu nikafungua mkoba kutafuta bei niwaandikie. Karo yao ni shilingi 1,200 kila wiki nne, unalipa kabla. Risiti ninazo kumi na mbili, mwaka bado haujatimia, na Jumamosi mtoto kaja na karatasi ya kudai ya kumi na tatu. Kumbe wakati wa kupokea wanajua vizuri sana kwamba mwaka una wiki hamsini na mbili!

Nyota moja. Haya, mbili, kwa ile ovataimu.