TAHADHARI: Yule bi anayeuza kameo Ngamiani ni tapeli

Ndugu zangu wa Tanga, na nyie wa Muheza na Pangani mnaopenda vitu vya zamani, someni hii kabla hamjatoa hata shilingi. Nimepigwa. Na si na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", hao hata mwanangu wa darasa la nne anawajua. Nimepigwa mchana kweupe, nimekaa barazani kwa mtu, nimekunywa kahawa yake, na kitu nimekikagua kwa mkono wangu mwenyewe. Laki tatu na nusu! Halafu kuna watu tangu jana wananiuliza, "Kwani hukuangalia?" Niliangalia. Hebu tulieni niwaambie nilivyoangalia.

Habari ya ile kameo ya marehemu mama mnaijua, sirudii. Mnajua pia tangu ipotee ninavyohangaika. Kwa hiyo nilipopigiwa simu kwamba kuna bi mmoja Ngamiani ana bruchi ya kameo, lile pambo la kubana nguoni lenye uso uliochongwa, tena ya kombe la baharini, si ya plastiki, usiku ule usingizi haukuja.

Bi mwenyewe sasa. Mtu mzima, mtandio umetulia, Kiswahili cha Tanga hasa, si cha kuokoteza. Nikamwamkia, akaitika, "Marahaba mwanangu, karibu, vua viatu ukae jamvini." Akauliza kwetu wapi, nikasema Makorora, akamtaja jirani yetu wa zamani kwa jina lake la utani, lile ambalo mgeni hawezi kulijua. Wewe ungemshuku? Mtu aliyekutajia jirani?

Kisha akaleta hadithi. Ati bibi yake alikuwa yaya kwa Mgiriki mwenye shamba la mkonge, na serikali ilipotaifisha mashamba mwaka 1967 yule Mgiriki akafunga virago, mkewe akamwachia yaya kikasha cha vidani. Itafuteni tundu kwenye hadithi hiyo kama mtaliona. Wagiriki wa mkonge walikuwepo hapa Tanga, nani hajui? 1967 ni mwaka wa Azimio la Arusha, nani hajui? Angesema ni ya Malkia Victoria mwenyewe ningeondoka palepale. Lakini yaya wa Mgiriki! Nusu ya wazee wa mji huu wana ndugu aliyefanya kazi kwa Mgiriki.

Akaitoa. Na hapa naomba nieleweke: ile aliyoitoa kwanza ilikuwa HALISI. Naapa. Niliinyanyua juani, mwanga ukapita kwenye nyama ya kombe, wekundu wa machungwa mabivu, na uso wa mwanamke ukabaki kivuli katikati. Plastiki haifanyi vile. Nikageuza nyuma: mgongo umebonyea, unafuata mviringo wa kombe lenyewe, maana kameo ya kombe haichongwi kwenye ubao bapa. Nikaigusisha shavuni, baridi. Nikatoa lenzi yangu, mnaijua, naenda nayo hata sokoni. Mistari ya kisu cha mchongaji inaonekana kwenye nywele, mmoja mrefu mmoja mfupi, hakuna miwili inayolingana. Pua imenyooka kama zinavyokuwa za zamani. Kishikizo cha nyuma ni kile kindoano kitupu chenye umbo la herufi C, hakina kifuniko cha usalama, na pini yake ndefu inavuka ukingo wa fremu. Karibu na bawaba imepigwa muhuri wa 800, yaani fedha, kiwango kilichotumika sana Italia na Ujerumani. Dalili hizo zikikaa pamoja hivyo unazungumzia mwisho wa karne ya 19, au mwanzoni kabisa mwa ile ya 20. Nilikuwa natetemeka, jamani.

Naye bi anaongea tu, taratibu, na kila analosema ni kweli. Akaniambia kombe lina tabaka mbili, nyeupe juu na nyekundu chini, ndiyo maana mchongaji anabakisha nyeupe kuwa uso. Akasema makombe mekundu ya namna ile yanatoka bahari yetu hii ya Hindi, yakapelekwa Italia, Torre del Greco, chini ya mlima Vesuvius, ndiko mabingwa wa kuchonga waliko mpaka leo. Hilo kombe wataalamu wanaliita Cypraecassis rufa. Jina hakulitaja, nililitaja mimi, akanipigia makofi. Akaniambia, "Wewe ndiye niliyekuwa nakungoja, wengine watanivunjia." Mwaya, nikalainika.

Bei akasema laki sita. Nikasema mbili na nusu. Tukakutana tatu na nusu, nikatuma kwa simu palepale, ujumbe ukaingia, akaonyesha, Alhamdulillahi. Ningekuwa nimeondoka dakika ile na bruchi yangu nisingekuwa naandika haya.

"Mwanangu, usiondoke nayo chafu. Imekaa kabatini miaka. Ngoja nikuoshee."

Akaita beseni. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, mswaki laini wa mtoto. Hakuiloweka, aliipitisha mswaki polepole kwenye mikunjo ya nywele, akasuuza. Pembeni ameweka mafuta ya mtoto, ya kupaka tone moja ili kombe lisikauke likaingia nyufa. Sawasawa kabisa na ningefanya mimi nyumbani. Nikajisemea huyu bi anawashinda masonara.

Sasa hapa. Someni hapa polepole. Kameo iko kwenye kiganja chake cha kushoto, ndani ya kipande cha kanga kuukuu, anaifuta. Akatoka mtoto ndani na sinia, anasema mjukuu, mimi sijui tena kama ana mjukuu. Kahawa na kashata. Kikombe kile kisicho na mkono, kimejaa mpaka juu, na mtoto kinamtikisika. Bi akasema, "Mpokee huyo asije akakuunguza." Nikanyoosha mikono yote miwili. Miwili! Nyie mngefanyaje, mngemwacha mtoto ajimwagie kahawa ya moto ili mtazame kanga? Nikapokea, nikaweka chini, nikasema ahsante mjukuu wangu. Nilipogeuka bi anafuta vilevile, ananitazama, anatabasamu. Uso mweupe nauona, ukingo wa fedha nauona. Akailaza kwenye pamba, akaifunika kwa pamba nyingine, kikasha, uzi mweusi, fundo juu ya fundo.

"Usifungue njiani. Imelowa. Kombe bichi likipigwa na jua hili linapasuka. Liache lilale mpaka usiku."

Na hilo ndilo linaloniuma kuliko hela, kwa sababu nusu yake ni kweli. Kombe haliutaki ukavu wala joto kali, wanaoziacha dirishani juani wanaziona zinaingia nyufa. Mtu asiyejua kitu angefungua kwenye bodaboda. Mimi ninayejua nikatii. Huyu mwanamke anawachagua wanaojua, amini usiamini.

Baada ya Isha nikakata uzi. Nikaweka taa ya simu nyuma yake. Giza. Hata chembe ya ile rangi hakuna. Mgongo bapa. Nikaigonga taratibu kwenye meno, ikaitika kiplastiki. Lenzi: viputo vya hewa shavuni, na mstari wa kalibu umezunguka ukingo mzima. Pua imebinuka kama ya mwanasesere. Kishikizo ni kile cha kuzungusha chenye kufuli, cha miaka ya baadaye kabisa, na fremu haina muhuri, ni bati la kuchovya. Mume wangu akasema, "Si nzuri tu lakini?" Nikalala chumba cha watoto.

Simu haipatikani. Asubuhi nikarudi barazani, wenye nyumba wananishangaa. Bi alipanga chumba cha uani, kalipa kidogo, kaondoka na mabegi alfajiri. Mtoto ni wa jirani, alipewa hela ya pipi abebe sinia. Kahawa ya kununua! Nimekwenda polisi, RB, ile namba ya taarifa yangu, ninayo.

Wallahi mtu huyu hastahili huruma. Msije kuniambia "ni mtu mzima, msamehe". Mtu mzima gani anatumia shikamoo ya watu kama chambo? Afungwe, na akifungwa afue nguo za mahabusu wote kwa mswaki ule ule wa mtoto. Arudishe hela ya kila mtu aliyemlia, maana siamini mimi ni wa kwanza, ile kazi ya mkono si ya kujifunzia kwangu. Na aliyenipigia simu ya kwanza kuniambia kuna kameo, wewe unajijua, mimi na wewe tutaonana.

Haya, dalili, maana mmeniomba dalili. Jina lililokuja kwenye muamala lilikuwa la mwanamume, akasema ni la mwanawe. Laki sita ikashuka haraka mno. Uzi ulikuwa umeshakatwa kwa kipimo, unangoja. Na palikuwa na ndimu kando ya beseni. Nilipoiuliza akasema ni ya kung'arishia fremu, sasa nikikaa naona mwenye kameo hathubutu kuleta ndimu karibu nayo: kombe ni chokaa, ndimu na siki vinalila, uso unabaki umeparara. (Na anayewaambia mjaribu kwa tone la siki muone kama inatoa povu, mkimbieni. Ikitoa povu ndiyo imeshaumia.) Basi. Zaidi ya hapo, kikishalipiwa kisirudi mkononi mwake hata kwa dua. Kuosha kaosheni kwenu.

Kameo halisi bado anayo, ndiyo chambo chake, hawezi kuiuza. Kwa hiyo atawaonyesha hiyo hiyo, Pangani, Bagamoyo, popote alipo. Ni mwanamke anayetazama kulia, ana vichala vya zabibu na majani ya mzabibu nywelini, wale wafuasi wa Bacchus, mungu wa mvinyo wa Warumi, walivyochongwa siku zote. Fremu imepinda kidogo upande wa kidevu. Muhuri wa 800 uko karibu na bawaba. Ikikufikia mkononi usiirudishe. Itie sidiriani, kunywa kahawa yake, msifie, mwulize habari za yule Mgiriki, na chini ya jamvi nitumie ujumbe. Nakuja na bodaboda, RB mkononi.