Waliniuzia miguu (magurudumu) isiyo ya Volkswagen ya baba

Nilijiambia nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Miezi imepita na haijapoa, basi naandika nayo hivyohivyo.

Gari lenyewe ni Volkswagen ya 1972, ile ya mgongo wa kobe, ya marehemu baba. Baba alikuwa mwalimu Morogoro na gari hilo alilitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Tairi zake zilikuwa bado na kashata nzuri, yaani yale meno yanayogusa barabara, ila ubavuni mpira ulishaanza kupasukapasuka kwa uzee. Kwenye moja niliona tarakimu 1409, maana yake ilitoka kiwandani wiki ya 14 ya mwaka 2009. Kashata zisiwadanganye, ndugu zangu. Tairi huzeeka hata likiwa limeegeshwa.

Nikaenda kwenye duka moja kubwa la tairi na rimu hapa Dar. Lina kiyoyozi, viti na maji ya kunywa. Nilikuwa na karatasi niliyonakili kutoka kwenye tairi lenyewe: 155 R 15, yaani upana milimita 155, rimu ya inchi 15. Yule kaka wa kaunta akaisoma, akacheka, akampelekea mwenzake naye acheke. "Mama, saizi hii haipo duniani. Umeruka namba ya katikati." Wateja wawili nyuma yangu wakacheka pia.

Sikuruka kitu. Tairi za zamani hazikuandikwa namba ya katikati, kwa sababu kimo cha ubavu kilikuwa kinajulikana, kama asilimia 80 ya upana au zaidi kidogo. Ndiyo maana leo ukikosa 155 R 15 unatafuta 165/80 R 15, linaingia kwenye rimu ileile nyembamba bila ugomvi. Haya nilifundishwa na baba nikiwa nimeshika tochi, yeye yuko chini ya gari. Nikamweleza kijana kwa upole kabisa. Akanijibu, "Mama, inchi 15 ni inchi 15. Usitufundishe kazi."

Hilo neno ndilo lililonileta hapa. Kosa la kazi ningesamehe.

Akaleta 195/65 R 15, tairi za kina Noah na Premio, zimejaa kila kona ya mji. Niwe mkweli: kimo chake na lile la zamani vinakaribiana sana, yote mawili ni kama milimita 635 kutoka juu hadi chini. Hapo alikuwa sahihi na sitamnyima haki yake. Lakini rimu za baba ni za inchi nne na nusu kwa upana, na tairi la 195/65 linataka rimu ya inchi tano na nusu kwenda juu. Hata yeye aliliona hilo. Badala ya kurudi kwenye karatasi yangu, akasema basi na rimu tubadilishe, ana za sport, nzuri, gari litapendeza.

Volkswagen za mwaka ule zina matundu manne ya boliti, na ukipima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu la ng'ambo unapata milimita 130. Rimu alizoleta zilikuwa za milimita 100. Haziingii. Akasema hakuna shida, tunaweka spesa, bamba nene la kuunganisha gari la matundu ya aina moja na rimu ya aina nyingine. Kwa nini nilikubali? Nilikuwa nimechoka, nimeshachekwa mbele za watu, na nilitaka kuondoka pale. Nikalipa laki nane na ushee. Rimu za baba wakasema niziache, ni chuma chakavu. Nikaziacha. Naandika hili na mkono unatetemeka.

Usukani ukawa mzito siku ileile. Upepo waliweka 35 miguu yote minne, wakati injini ya gari hili iko nyuma. Baba alikuwa akiweka mbele 18 na nyuma 27, na ndivyo kitabu chake kinavyosema. Nikapunguza mwenyewe nyumbani.

Wikiendi moja ya masika tukaenda Morogoro, dada na wanawe nyuma, na gunia la mchele. Baada ya Mlandizi nikasikia harufu ya mpira. Kila tukipita kwenye shimo, kitu kinakwaruza. Karibu na Chalinze nikasimamisha. Tairi la nyuma kulia lilikuwa limekatwa bega lote na ukingo wa madigadi, nyuzi zinaonekana. Wale watoto walikuwa wamelikalia juu.

Pale kando ya barabara kulikuwa na mzee wa pancha, ana jeki moja na futi ya kupimia. Hakunicheka. Alipima, akachora kwa chaki kwenye lami. Spesa imesukuma mguu nje, rimu ni pana zaidi, tairi nalo pana zaidi, vyote vimejumlishana upande wa nje karibu sentimita nne. Gari likiwa tupu linavumilia, likibeba watu linashuka na madigadi yanalikuta tairi. Akauliza, "Mwanangu, miguu yake yenyewe iko wapi?" Nikashindwa kumjibu.

Jumatatu nilikuwa dukani kabla hawajafungua. Yule kaka akaniambia tatizo ni kwamba nimebeba mzigo. Gari la watu wanne, nimebeba watu wanne! Nilisema maneno ambayo mwalimu wangu wa dini hangeyapenda. Fedha hawakurudisha.

Nilikuwa nimeamua kuandika kwamba hakuna mtu mwenye akili anayepaswa kukanyaga pale, na ningeishia hapo, kama si kijana wa kufunga tairi. Alinifuata nje, akanipeleka nyuma ya jengo. Rimu tatu za baba alikuwa amezifunika kwa turubai. Ya nne ilikuwa chini ya bango lao la barabarani, imeshikilia nguzo. Akaing'oa mbele ya bosi wake. "Nilijua utazirudia, mama." Na boliti zake alizihifadhi kwenye kopo, zile zenye kichwa cha mviringo kinachokaa kwenye shimo la mviringo la rimu. Ukiweka za kichwa cha koni kwenye rimu hizi, zinashika pembeni tu na baadaye zinalegea. Yeye alilijua hilo, ila kaunta haikumuuliza.

Kwa hiyo wanafanya kazi nzuri? Sehemu ya kufunga, ndiyo. Duka? Hapana. Nilikuwa nimeandika nyota mbili hapa kwa ajili ya yule kijana, nimezifuta, kwa sababu nyota hizo ataringia wa kaunta.

165/80 niliagiza kwingine, zikachukua wiki kadhaa kufika. Nilizipeleka Chalinze mwenyewe zikafungwe na yule mzee, nikamtajia na yule kijana. Amesema aje, kazi ipo.