Matembezi ya miguu Ruaha: tathmini ya huduma
Kampuni ya Iringa iliyotuongoza kwa miguu katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha inastahili sifa, hasa kwa mwongozaji wake, aliyetusimamisha mbali na kichuguu ili tuwatazame nguchiro wadogo bila kuwashtua. Walikuwa wakipekua majani makavu na kuchimba kwa kucha, wakiibua mende na panzi, huku mmoja akilinda juu ya kichuguu, shingo imenyooka. Alipopiga mlio mkali, wote walitoweka mashimoni, na ndipo nasi tulipomwona mwewe. Mlio wa kuonya dhidi ya ndege, alitufafanulia mwongozaji, hutofautiana na ule wa adui wa ardhini. Chakula kilitosha. Darubini moja kwa kundi zima, hata hivyo, haiendani na bei waliyotutoza.