Breki za nyuma: gereji mbili, breki shuu zilezile

Nimelipia kazi ya breki za nyuma mara mbili ndani ya miezi miwili, kwa hiyo mtanivumilia nikianza na lawama.

Gari langu lina diski mbele na dramu nyuma, yaani bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Dalili ya kwanza ilikuwa harufu. Nikiegesha baada ya mwendo wa kama nusu saa, nyuma kushoto kulinuka kitu kinachoungua, na nikisogeza kiganja karibu na rimu, joto lilinipokea kabla sijaigusa. Rimu ya kulia ilikuwa na uvuguvugu tu. Baadaye ukaanza mluzi mwembamba uliokuwa unapotea nikikanyaga breki.

Gereji ya kwanza hawakuwa na maswali mengi. Fundi akasikiliza mluzi, akasema breki shuu (vibao vinavyosugua dramu kwa ndani) zimekwisha, akafungua dramu na kupuliza vumbi lote kwa kompresa mpaka nikarudi nyuma nikikohoa (vumbi la breki si la kuvuta, hasa kama ni za zamani zenye asbesto). Akafunga breki shuu mpya pande zote mbili. Ni kweli za zamani zilikuwa zimelika, ila za kushoto zilikuwa zimelika zaidi. Kwa nini upande mmoja uishe kabla ya mwenzake? Yeye hakuuliza, nami sikuuliza.

Mluzi uliisha. Lakini wiki ya pili pedeli ikaanza kuzama, na hendibreki iliyokuwa ikishika baada ya kutoa mlio mara 5 ukiivuta sasa ikawa inafika 11. Joto la kushoto nalo likarudi. Nikarudi kulalamika, nikaambiwa sasa ni masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli), ninunue mpya. Mafuta ya breki hayakuwa yamepungua kwenye kichupa wala hapakuwa na tone chini ya gari. Nikaaga.

Gereji ya pili ndiyo ninayotaka kuisifia. Fundi hakugusa spana ya breki kwanza. Aliweka vizuizi kwenye tairi za mbele, akainua nyuma yote, akaachia hendibreki, akazungusha kila gurudumu kwa mkono. La kulia lilizunguka bila hata mkwaruzo. La kushoto lilienda robo mzunguko likagoma.

Akalegeza nati ya kutolea upepo upande wa kushoto. Mafuta kidogo yakatoka, gurudumu likabaki gumu vilevile. "Ingekuwa presha imenaswa kwenye mpira wa breki, huu unaoleta mafuta gurudumuni, bosi, hapa lingeachia," akasema, akaingia chini ya gari. Alipolegeza hendibreki kwenye kirekebishio chake, waya wa kulia ulilegea, wa kushoto haukutikisika. Ganda lake lilikuwa limepasuka karibu na gurudumu, maji yakaingia, kutu ikaushika. Alipouchomoa aliniwekea mkononi: nilivuta kwa nguvu zangu zote, ukasogea kidogo tu na kunimwagia unga wa kahawia kwenye kiganja. Kumbe breki ya mkono ya upande ule ilikuwa haijawahi kuachia kikamilifu muda wote huo.

Na pedeli je? Alipofungua dramu zote mbili alicheka. Ndani kuna adjasta, kijiti chenye kinyota kinachosukuma breki shuu zikaribie dramu kadiri zinavyolika. Uzi wa skrubu ya kushoto na wa kulia huenda kinyume. Wenzake wa gereji ya kwanza walikuwa wamezibadilisha pande. Kwenye gari langu kinyota huzungushwa na hendibreki, kwa hiyo kila nilipoivuta, adjasta ya kulia ilikuwa inajifupisha badala ya kurefuka, na pengo likazidi. Ya kushoto haikusogea kwa sababu waya ulikuwa umeganda. Masta silinda haikuwa na kosa lolote.

Breki shuu hakuniuzia. Za kushoto zilikuwa zimeng'aa kwa joto, akazipitisha msasa. Akapima dramu kwa kipimo na kulinganisha na kipenyo cha mwisho kilichoandikwa kwenye chuma chenyewe, ikafaa. Nyaya za hendibreki akafunga mpya pande zote mbili, adjasta akazirudisha zilikostahili, kisha nikakaa kwenye usukani kumsaidia kutoa upepo: kanyaga, shikilia, achia, mpaka mguu ukaniuma.

Sasa pedeli iko juu, hendibreki inashika ikilia mara 6. Jana nimeteremka mlima mrefu, nikaegesha na kuzunguka nyuma na kiganja changu: uvuguvugu uleule kushoto na kulia. Nampa nyota 4. Ya tano nimeikata kwa sababu aliniambia nije saa sita mchana, gari nikalipata saa kumi na mbili jioni bila hata kupigiwa simu.